Mirungi Vijijini: Namna ya Kutafiti Chanzo na Madhara ya Uraibu

Katika vilima vya Nyambene, kaskazini-mashariki ya Mlima Kenya, hustawi mti ambao machipukizi na majani yake hutafunwa na watu wengi wa Afrika ya Mashariki, Pembe ya Afrika na Yemen. Wataalamu wa mimea huuita Catha edulis. Wakenya huuita miraa, na kwao ni zao halali linalotambuliwa na sheria za mazao. Katika milima ya Upare, wilayani Same, mti huo huo huitwa mirungi, nao huhesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamkataza Mtanzania kuulima, kuusafirisha, kuuuza na kuutumia. Mkulima wa upande mmja wa mpaka husomesha watoto kwa mti huu bila hofu. Mwenzake wa upande wa pili akionekana nao shambani hupelekwa mahakamani.

Hali hii yampa mwanasayansi swali zito. Tukiambiwa kwamba kijiji fulani kimeharibika kwa mirungi, madhara yapi yametokana na jani lenyewe, yapi yametokana na maisha ya mtafunaji, na yapi yametokana na biashara au sheria inayolizunguka jani hilo? Mzazi, mkulima, kiongozi wa dini na askari kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu lina chembe ya ukweli kwa kuwa limetoka katika yale aliyoyaona mwenyewe. Kazi ya utafiti ni kuyapima majibu hayo yote kwa kipimo kimoja. Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini ikifanywa ovyo inaweza kuwaumiza watu iliyokusudia kuwasaidia.

MAANA YA URAIBU

Neno uraibu si geni katika Kiswahili. Wazee wa pwani waliita uraibu ule mchanganyiko wa jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku uliotafunwa barazani na kuandaliwa wageni. Lugha yetu basi ilitambua zamani kwamba kuna vitu ambavyo mtu hali kwa sababu ya njaa wala hanywi kwa sababu ya kiu, bali huvirudia kwa kuwa amevizoea. Leo neno hilo limebebeshwa uzito zaidi, na mtafiti hana budi kulifasili kabla hajaanza kuhesabu watu.

Mwaka 1976 Griffith Edwards na Milton Gross walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza maelezo ya dalili za mtu aliyekuwa mtegemezi wa pombe. Mawazo yao yalienea hata kwa dawa nyingine. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10 ilitaja dalili sita: hamu kali ya kutumia, kushindwa kujizuia kuanza, kuacha au kuweka kiasi, kuugua mtu anapoacha, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata matokeo yale yale, kupuuza shughuli na starehe nyingine, na kuendelea kutumia huku mtu akiyaona madhara. Aliyekuwa na dalili tatu au zaidi kwa pamoja katika mwaka mmoja alihesabiwa kuwa mtegemezi. Orodha mpya, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imezikusanya dalili hizo katika makundi matatu, lakini msingi wake haukubadilika.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hiyo hakuna panaposemwa “anayetumia kila mtu mwenye kutumia ni mraibu”. Kwa Wameru, miraa ilikuwa tangu zamani kitu cha wazee na cha sherehe. Kifurushi chake hupelekwa na waposaji nyumbani kwa binti. Mzee anayetafuna vijiti vichache katika shughuli kama hiyo, kisha akakaa mwezi mzima bila kuvikumbuka, si mraibu. Kijana anayekopa fedha za dawa ya mtoto ili anunue kifurushi cha jioni ana dalili ambazo mtafiti lazima aziandike. Ripoti inayowaweka wawili hawa katika hesabu moja itakuwa na tarakimu kubwa, lakini haitamsaidia mganga kujua wagonjwa wake ni wangapi.

KEMIA YA JANI

Mtu wa kwanza kuuandika mti huu katika elimu ya mimea ya Ulaya alikuwa Peter Forsskål, aliyefariki Yemen mwaka 1763 akiwa katika msafara wa kisayansi uliotumwa na mfalme wa Denmark. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Ilichukua muda mrefu kujua ni kitu gani ndani ya jani kinachomkesha mtafunaji. Mwaka 1930 ilibainika kwamba majani yana kemikali iitwayo kathini. Hata hivyo, nguvu ya kathini ilikuwa ndogo mno kueleza nguvu ya jani bichi. Jibu lilipatikana mwaka 1975, wakati maabara ya Umoja wa Mataifa ilipotambua kemikali ya pili, kathinoni, ambayo ni kali zaidi.

Wanafunzi wa kemia na walinganishe fomula hizi mbili. Kathinoni ni C9H11NO. Kathini ni C9H13NO. Jani likinyauka, kundi la ketoni lililomo katika kathinoni hupokea haidrojeni mbili na kuwa kundi la alkoholi. Kathinoni hupungua, kathini huongezeka, na jani hupoteza ukali wake katika siku mbili au tatu. Hii ndiyo sababu vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba ili visikauke, na ndiyo sababu magari ya miraa hutoka Meru kwenda Nairobi kwa kasi ya kutisha. Mtu akigongwa na gari hilo barabarani, kemia ya jani imo katika ajali hiyo, ingawa marehemu hakupata kutafuna hata siku moja. Mfano huu waonyesha jinsi madhara yanavyoweza kupita katika njia ambayo daktari wa hospitali hawezi kuiona.

Ndani ya mwili, kathinoni hufanya kazi inayofanana na ya amfetamini. Seli za neva katika ubongo huwasiliana kwa kemikali, na mojawapo ni dopamini, ambayo huuambia ubongo kwamba jambo lililotokea lafaa kurudiwa. Kathinoni hulazimisha seli zitoe dopamini kwa wingi. Mtafunaji huchangamka, huzungumza sana, hapati njaa wala usingizi. Saa kadhaa baadaye mambo hugeuka: huwa mnyonge, mwenye huzuni na hasira, na kitandani usingizi haumjii. Akiacha baada ya kuzoea kwa muda mrefu huweza kuwa na uchovu, mtetemeko mdogo na ndoto mbaya. Dalili hizo ni nyepesi zikilinganishwa na za anayeacha heroini, au za mlevi sugu wa pombe ambaye akiacha ghafla bila matibabu aweza hata kufa.

Kathinoni yenyewe imewekwa chini ya udhibiti wa kimataifa, lakini mti haukuwekwa. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliutazama ushahidi, ikaona kwamba hatari ya utegemezi wake ni ndogo na haikupendekeza mti huo udhibitiwe kimataifa. Wapo wanaolinukuu tamko hilo kana kwamba limesema mirungi ni salama. Kamati ilijibu swali moja tu, la udhibiti wa kimataifa. Swali la kijiji fulani, chenye vijana fulani na kipato fulani, halijajibiwa na kamati yoyote. Hapana budi liulizwe papo hapo kijijini.

CHANZO: JANI, MTU NA MAZINGIRA

Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner, wakiwa katika chuo kikuu cha McGill nchini Kanada, waliingiza nyaya nyembamba katika ubongo wa panya. Panya alipobonyeza kitufe alipata mshtuko mdogo wa umeme katika sehemu maalumu ya ubongo, naye aliendelea kubonyeza mara nyingi mno. Majaribio ya namna hiyo, na mengine ya kuwapa panya dawa za kulevya, yaliwafanya watu wengi waamini kwamba dawa yenyewe ndiyo chanzo kizima cha uraibu: ukiigusa umenaswa.

Katika miaka ya 1970 Bruce Alexander na wenzake, nchini Kanada vilevile, waliuliza swali jepesi. Panya wa maabara huwekwa peke yake ndani ya tundu dogo; je, akiwekwa penye nafasi, wenzake na vitu vya kuchezea? Waliwajengea panya uwanja mpana, na wakaona kwamba panya wa uwanjani walikunywa maji yenye mofini kidogo kuliko wale wa tunduni. Majaribio yaliyofuata ya watafiti wengine hayakutoa matokeo yanayolingana kila mara, kwa hiyo haifai kuyachukulia kama mwisho wa maneno. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na halikusahauliwa tena.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka kwa wanadamu. Lee Robins, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya kila watano alisema kwamba alipokuwa huko alikuwa mraibu wa heroini au afyuni. Serikali yao iliogopa kwamba nchi ingejaa waraibu. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, ni kiasi cha asilimia 5 tu ya waraibu hao waliokuwa wamerudia uraibu. Dawa ilikuwa ile ile na miili ilikuwa ile ile. Vita, upweke, urahisi wa kupata dawa na marafiki wa kutumia nao, hayo waliyaacha nyuma.

Kutokana na kazi hizi, mtafiti wa leo huweka mbele yake mambo matatu: dawa, mtu na mazingira. Akienda kijijini akiwa na swali la jani peke yake, atarudi na theluthi moja ya jibu.

SABABU ZA KIJIJINI

Sasa tuitazame milima yenyewe. Kwa miaka mingi zao la fedha katika sehemu nyingi za nyanda za juu lilikuwa kahawa. Mgao wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989, na bei katika soko la dunia ikaanguka. Kahawa huvunwa kwa msimu, na mkulima husubiri malipo kwa miezi. Miraa huchumwa mara nyingi katika mwaka, na hulipwa taslimu siku ile ile. Mzazi mwenye ekari moja na karo ya kulipa hakuhitaji kushawishiwa na mtu.

Mti ukishakuwa mwingi, bei ya kifurushi kijijini huwa nafuu na jani huwa bichi kuliko mahali pengine popote. Wachumaji ni vijana na wavulana wepesi wa kupanda juu, nao hushika fedha mkononi kabla hawajamaliza shule. Madereva, walinzi wa usiku na wafungaji wa vifurushi hutafuna ili wakeshe kazini. Aidha, mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata kipande cha mmoja hakimshughulishi kwa siku nzima. Alasiri ni ndefu, na penye kijiwe cha watafunaji pana mazungumzo, habari za kazi na wenzako wa rika lako.

Hapa ndipo mtego wa mtafiti ulipo. Tuseme amewapima vijana 200, akaona kwamba wasio na kazi hutafuna zaidi kuliko wenye kazi. Je, mirungi imewafanya wasiwe na kazi? Yawezekana. Yawezekana pia kwamba kukosa kazi kumewapeleka kijiweni. Tena yawezekana kwamba jambo la tatu, kwa mfano kuachishwa shule mapema, limesababisha yote mawili. Tarakimu za siku moja haziwezi kuchagua kati ya njia hizi tatu, hata zikiwa nyingi kiasi gani.

Zipo njia za kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuuliza utaratibu wa wakati: lipi lilitangulia? Ya pili ni kuwafuatilia watu wale wale kwa miaka, kuanzia kabla hawajaanza kutafuna. Ya tatu ni kutazama kiasi: je, anayetafuna zaidi hudhurika zaidi, baada ya kulinganishwa na mwenye umri, elimu na kipato kama chake? Ya nne ni kungojea mabadiliko makubwa yaletwe na mambo ambayo mtafiti hakuyapanga. Uholanzi ilipiga marufuku jani hili Januari 2013, na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Wakulima wa Meru waliokuwa wakiuza huko walipoteza soko kwa siku moja. Anayetaka kujua uhusiano kati ya fedha za miraa na mahudhurio ya shule ana hapo jaribio lililokwisha kufanyika. Kazi iliyobaki ni kuyafungua madaftari ya mahudhurio ya kabla na baada ya tarehe hiyo.

MADHARA: MADAFTARI MANNE

Ili madhara yasichanganywe, yafaa kuyaandika katika madaftari manne.

Daftari la kwanza ni la mwili. Kathinoni huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Tanini zilizomo katika majani hufunga choo na kuudhi tumbo. Kukosa hamu ya kula hudhoofisha mwili, na kwa wachache wanaotumia kwa wingi, akili huweza kuvurugika hata wakasikia sauti zisizokuwapo. Baadhi ya tafiti za Yemen na Ethiopia zimeona uhusiano kati ya mama mjamzito kutafuna na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mabaki ya viuatilifu vya shambani nayo yamekutwa katika majani. Lakini mtafiti aangalie: watafunaji wengi huvuta sigara papo hapo, na wengine hunywa pombe usiku ili wapate usingizi. Ugonjwa wa moyo au wa kinywa waweza kuwa ni kazi ya tumbaku. Kwa hiyo watafunaji wasiovuta walinganishwe na wasiotafuna wasiovuta. Kinyume cha hapo, jani litabebeshwa mzigo wa sigara.

Daftari la pili ni la nyumba. Tuseme kibarua hupata shilingi 7,000 kwa siku na kununua mirungi ya shilingi 3,000. Akifanya kazi siku sita, hupata 42,000 na kutumia 18,000, yaani karibu asilimia 43. Fedha hizo zinatoka katika unga, mafuta ya taa, sare na karo. Pia zipo saa za alasiri ambazo baba hayupo nyumbani, na za usiku ambazo yupo lakini hapatani na mtu. Madhara haya mara nyingi hujulikana na mke na watoto kuliko mtafunaji mwenyewe. Utafiti unaomhoji mwenye nyumba peke yake huyakosa.

Daftari la tatu ni la shamba, nalo lina pande mbili. Upande mmoja utaandika chakula kilichopungua baada ya mahindi na maharage kuondolewa, na wavulana waliotoka darasani kwenda kuchuma. Upande wa pili utaandika karo zilizolipwa, mabati yaliyoezekwa na wagonjwa waliopelekwa hospitali kwa fedha za mti huo huo. Mtafiti asiyeandika upande wa pili atakataliwa na wakulima, na kwa haki.

Daftari la nne ni la sheria. Wilayani Same, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefanya operesheni za kuteketeza mashamba ya mirungi. Sheria inaweza kupunguza upatikanaji, na huo ni manufaa yanayopimika. Pia inaweza kuacha familia bila kipato, na kumfanya mgonjwa aogope kumweleza mganga wa zahanati anachotumia. Hayo nayo yapimike. Kuyapima si kuitetea mirungi, kama vile kupima madhara ya upasuaji si kuutetea uvimbe.

Kuhusu madaftari yote manne, mtafiti ajiulize kila jioni: ni nani ambaye sijamwona? Daktari huwaona waliougua. Askari huwaona waliokamatwa. Anayekaa kijiweni huwaona wenye furaha ya saa kumi, wala hawaoni walioacha miaka mitatu iliyopita na sasa wako mashambani. Wanawake wanaotafuna hufanya hivyo ndani, mbali na macho ya watu, na mara nyingi hawamo katika hesabu ya yeyote.

KUULIZA SWALI LENYE HATARI

Mtu ataulizwaje kama anatumia kitu kinachoweza kumfunga? Akikana, mtafiti hapati ukweli. Akikiri, amejiweka mashakani. Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner alitoa wazo la busara, nasi tutaeleza namna nyepesi iliyotokana na wazo hilo.

Kila anayeulizwa hupewa sarafu, airushe mahali asipoonekana. Ikiangukia upande wa picha, ajibu “ndiyo” bila kujali ukweli. Ikiangukia upande wa namba, ajibu kweli. Mtafiti husikia jibu tu. Hajui sarafu ilivyoanguka. Hivyo kila “ndiyo” yaweza kuwa ya sarafu, na hakuna mahakama inayoweza kuitumia kumtia mtu hatiani.

Hata hivyo kijiji kizima huweza kupimwa. Tuseme watu 200 wameulizwa na 130 wamejibu “ndiyo”. Kwa wastani sarafu huwapa 100 upande wa picha. Hao wamesema “ndiyo” kwa amri. Zimebaki “ndiyo” 30 kati ya watu 100 waliojibu kweli. Makadirio yetu ni asilimia 30. Usiri huu una gharama: katika marusho 200 si ajabu kupata picha 90 au 110, na makadirio yetu yatayumba kwa kadiri hiyo. Dawa yake ni kuuliza watu wengi zaidi.

AMANA YA MTAFITI

Utafiti wa binadamu huhitaji kibali. Nchini Tanzania maombi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, na yahusuyo afya hupelekwa pia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nchini Kenya kibali hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Lakini kibali cha serikali hakimwondolei mtafiti wajibu wake kwa mwenyeji aliyemfungulia mlango.

Daftari la mtafiti laweza kugeuka ushahidi. Kwa hiyo asiandike majina asiyoyahitaji, wala kuchora ramani ya mashamba kama swali lake ni la afya. Penye kijiji kidogo, hata maneno “mwalimu mstaafu mwenye mguu mmoja” ni jina kamili. Ripoti inapochapishwa, si lazima kijiji kitajwe. Kijiji kikishaitwa cha walevi, wasichana wake hupata shida kuolewa na vijana wake hunyimwa kazi mjini, wakiwamo wale ambao hawajapata kulionja jani. Mwisho, matokeo yarudishwe katika mkutano wa kijiji kwa lugha inayoeleweka. Wenyeji watayasahihisha mengi, na mara nyingi watakuwa na sababu.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Hatupendekezi kwamba wanafunzi waende vijiweni kuwahoji watafunaji. Ni hatari, na hawana kibali. Mbinu zenyewe, hata hivyo, zinaweza kujifunzwa darasani.

Zoezi la kwanza: jaribuni sarafu kwa swali ambalo jibu lake linajulikana, kama “Je, umezaliwa kati ya Januari na Juni?” Katika darasa la wanafunzi 60, mkipata “ndiyo” 42, ondoeni 30 za sarafu, zinabaki 12 kati ya 30, yaani asilimia 40. Kisha mwalimu afungue rejesta na kuhesabu idadi ya kweli. Tofauti itakayoonekana ndiyo kosa la kipimo, na ni vema kipimo kijulikane kosa lake kabla hakijatumika kwa jambo zito.

Zoezi la pili: kila mwanafunzi aandike kwa siku 14 vikombe vya chai au kahawa alivyokunywa, saa aliyokunywa na saa aliyolala. Kafeini ni dawa inayochangamsha, nayo ni halali. Je, wanaokunywa jioni huchelewa kulala? Au wanaochelewa kulala kwa sababu ya masomo ndio wanywao jioni? Darasa lijadili namna ya kuzitofautisha njia hizo mbili, na liandike jibu lake kabla ya kuzitazama tarakimu.

Mwanafunzi wa leo atakuwa kesho mganga wa zahanati, ofisa ugani, hakimu au diwani. Siku moja ataletewa ripoti isemayo kwamba vijana wa kata yake wameharibiwa na dawa fulani, na ataombwa atie sahihi: miti ing'olewe, watu wakamatwe, au fedha zitengwe. Kabla ya kutia sahihi na aulize mambo matano. Mraibu amefasiliwaje? Ni nani hawakuhesabiwa? Lipi lilitangulia, dawa au shida? Je, sigara, pombe na umaskini vimetengwa na jani? Na baada ya miti kung'olewa, mwenye shamba atalipa karo ya muhula ujao kwa kitu gani? Ripoti isiyojibu maswali hayo irudishwe kwa walioiandika, wakaimalizie kazi.